Native Client, asm.js na WebAssembly: tathmini ya njia tatu za kuendesha programu nzito ndani ya kivinjari

Mwezi Aprili 2017 Google ilitoa toleo la Google Earth ambalo halikuhitaji kusakinishwa. Mtu alifungua ukurasa, akaiona dunia ikizunguka mbele yake, akashuka taratibu mpaka juu ya paa za nyumba. Sharti lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa zito: kivinjari kiwe Chrome. Mwenye Firefox, Safari au Edge aliishia mlangoni. Ilipita karibu miaka 3, hadi Februari 2020, ndipo Google Earth ilipofunguliwa rasmi kwa watumiaji wa Firefox, Edge na Opera, na kilichokuwa kimebadilika katika muda huo hakikuwa ramani wala picha za setilaiti, bali namna msimbo wa lugha ya C++ ulioandikwa miaka mingi nyuma ulivyofikishwa ndani ya kivinjari. Toleo la kwanza lilisimama juu ya Native Client, na lililofungua milango lilisimama juu ya WebAssembly.

Tathmini hii inazipima njia hizo mbili pamoja na ya tatu, asm.js, ambayo wengi wameisahau ingawa, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoamua mashindano yote. Vipimo vyangu ni vinne: kasi ya programu inapokwisha kuanza kukimbia, muda na data anavyotumia mtu kabla haijaanza, usalama wa kompyuta yake, na swali linaloonekana dogo la kama programu itafunguka katika kivinjari chochote alicho nacho. Kipimo cha mwisho nilikiweka kwa ajili ya kukamilisha orodha, lakini kadiri nilivyoendelea kuzichunguza njia hizi kilizidi kupanda juu ya vingine.

Kwanza tuone shida yenyewe. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwezi Mei 1995 kwa muda wa siku 10, na ni lugha isiyomdai mwandishi aseme data yake ni ya aina gani. Kitu kilichobeba namba sasa hivi kinaweza kubeba maandishi baadaye, na hakuna atakayelalamika. Tangu mwaka 2008 hivi, injini za vivinjari zimekuwa zikitafsiri JavaScript kuwa lugha ya mashine wakati programu inaendelea kukimbia, zikitazama kilichopita na kukisia kitakachokuja. Zikikisia vibaya, hulazimika kuutupa msimbo zilioutengeneza na kurudi nyuma. Kwa kurasa za kawaida utaratibu huo unatosha kabisa. Hautoshi kwa mchezo wa kompyuta wenye mamia ya maelfu ya mistari ya C++, wala kwa programu ya kuhariri picha ambayo mwenyewe hana nia ya kuiandika upya kwa lugha nyingine.

Njia ya mkato ilijaribiwa mapema na Microsoft kupitia ActiveX mwaka 1996. Programu ilishushwa ikiwa katika lugha ya mashine na ikakimbia kwa kasi yote, huku ulinzi wenyewe ukiwa ni saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Mtumiaji akishabonyeza kukubali, programu ilikuwa na uwezo uleule alio nao yeye juu ya mafaili yake. Ni sawa na kumkabidhi mgeni funguo za nyumba kwa sababu ana kitambulisho. Siihesabu ActiveX kuwa mshindani katika tathmini hii, ila hofu iliyoiacha ndiyo inayoeleza kwa nini waliofuata walihangaika sana na usalama.

Native Client, iliyotangazwa na Google mwezi Desemba 2008, ni ya ustadi mkubwa kuliko zote tatu ukiitazama kwa jicho la fundi. Lengo lake lilikuwa kuuruhusu msimbo wa mashine wa kweli, ule ambao prosesa inausoma moja kwa moja, uje kutoka kwa mtu usiyemjua na bado usiweze kukudhuru. Ugumu wa jambo hilo uko katika umbile la prosesa za x86 zenyewe. Amri zake zina urefu usiolingana, kuanzia baiti 1 hadi 15, kwa hiyo mfululizo uleule wa baiti unaweza kusomeka kwa maana moja ukianzia mwanzo na kwa maana nyingine kabisa ukirukia katikati. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri iliyopigwa marufuku ndani ya tumbo la amri halali, kisha akaruka hadi hapo programu ikishaanza.

Jibu la Native Client lilikuwa kuupanga msimbo katika mafungu ya baiti 32, kupiga marufuku amri yoyote kukatiza mpaka wa fungu, na kulazimisha kila mruko ambao mwisho wake haujulikani mapema uangukie mwanzoni mwa fungu. Kwa masharti hayo mkaguzi mdogo anaweza kuusoma msimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla haujaendeshwa, akiwa na hakika kwamba anachokisoma ndicho kitakachotendeka. Akiona amri ya kuuita mfumo endeshi moja kwa moja, anaikataa programu nzima. Katika mashine za biti 32, uzio wa kumbukumbu ulijengwa kwa kutumia rejista za segmenti, sehemu ya prosesa ambayo mifumo endeshi mingi ilikuwa imeiacha ikae bure kwa miaka. Katika makala ya kitaalamu ambayo Bennet Yee na wenzake wa Google waliiwasilisha mwaka 2009, gharama ya ulinzi wote huo ilikadiriwa kuwa wastani wa asilimia 5 hivi ya kasi. Mwaka huohuo Google ilialika watu washindane kuuvunja uzio huo kwa ahadi ya zawadi, jambo ambalo si kila kampuni ingethubutu kulifanya na bidhaa changa.

Kwa kasi, basi, Native Client ni mshindi asiye na ubishi. Ilipowashwa ndani ya Chrome 14 mwaka 2011, ilifuatwa na michezo mikubwa kama Bastion ya Supergiant Games, iliyofika katika duka la Chrome mwezi Desemba mwaka huo ikiwa imetokana na msimbo wa mchezo wa kweli, si nakala iliyopunguzwa nguvu.

Kasoro zake zilianzia nje ya uhandisi. Msimbo wa mashine ni wa prosesa fulani, na mtengenezaji alitakiwa kuandaa faili moja kwa x86 ya biti 32, jingine kwa ile ya biti 64, na jingine kwa ARM iliyomo katika simu karibu zote. Ukurasa wa wavuti haujui utafunguliwa na nani, na prosesa itakayobuniwa kesho haiwezi kuendesha faili lililoandaliwa leo. Google ilitambua hivyo, na mwezi Novemba 2013, pamoja na Chrome 31, ikatoa PNaCl, ambayo badala ya msimbo wa mashine ilituma msimbo wa kati wa LLVM (zana za kutengenezea kompaila, yaani programu zinazoutafsiri msimbo wa binadamu kuwa wa mashine) na kuuacha utafsiriwe kwenye kompyuta ya mtumiaji. Lakini lugha hiyo ya kati ilibuniwa kama daraja kati ya sehemu za ndani za kompaila, haikubuniwa kusafirishwa wala kudumu, kwa hiyo ilibidi wagandishe sehemu yake na kuitunza kivyao. Tafsiri yenyewe nayo ilichukua muda mara ya kwanza programu ilipofunguliwa.

Kikwazo kikubwa zaidi kiliitwa Pepper. Programu ya Native Client haikuzungumza na ukurasa kwa njia ambazo vivinjari vyote vilikuwa navyo tayari. Ilikuwa na mlango wake wa kuchorea, wa sauti, wa mafaili na wa mtandao, na mlango huo ulikuwemo ndani ya Chrome peke yake. Kivinjari kingine kikitaka kuipokea Native Client kilipaswa kujenga Pepper nzima, yaani kujenga upya sehemu kubwa ya Chrome kwa kufuata mwenendo wa Chrome. Mozilla ilikataa, na wengine hawakujitokeza. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba ukaidi huo ulikuwa wivu wa kibiashara. Sioni hivyo. Kiwango ambacho maelezo yake kamili ni msimbo wa kampuni moja si kiwango, hata kama msimbo huo uko wazi kwa kila mtu kuusoma.

Wakati Google inajenga uzio, ndani ya Mozilla Alon Zakai alikuwa akishughulika na jambo lililoonekana kama mzaha. Mradi wake, Emscripten, alioanza mwaka 2010, uliuchukua msimbo wa C++ uliokwisha kupitia LLVM na kuutoa upande wa pili ukiwa JavaScript. Watu walicheka, na walikuwa na sababu: unaanza na lugha ya kasi, unaigeuza kuwa lugha ya polepole, kisha unatarajia kasi. Hata hivyo Zakai na wenzake waligundua kwamba JavaScript inayotoka kwenye mashine hiyo haifanani na inayoandikwa na binadamu. Ni ya ukawaida mno, haibadilishi aina za data, haitengenezi vitu vipya ovyo, na kumbukumbu yake yote ni safu moja ndefu ya namba.

Mwaka 2013 Zakai, David Herman na Luke Wagner waliuandika ukawaida huo kuwa kanuni na kuuita asm.js. Nauhesabu kuwa miongoni mwa hila nzuri kuliko zote katika historia ya wavuti, kwa hiyo nitauelezea kwa kirefu kidogo. Katika JavaScript, ukiandika x|0, yaani ukiiunganisha namba na sifuri biti kwa biti, matokeo ni lazima yawe namba kamili ya biti 32; lugha yenyewe inasema hivyo tangu zamani. Kwa thamani ya kitu hakuna kinachobadilika ikiwa tayari ni namba ya aina hiyo, lakini msomaji anapata uhakika. Kwa hiyo asm.js huweka alama hiyo ya |0 kila mahali, na injini inayoelewa mchezo haikisii tena: inajua kwamba hii ni namba kamili, ile ni namba ya desimali, na inaweza kuutafsiri msimbo wote kuwa lugha ya mashine kabla hata haujaanza kukimbia. Mwanzoni mwa sehemu hiyo huwekwa maneno "use asm" ndani ya alama za kunukuu. Kivinjari kinachoyafahamu huingia katika mwendo wa kasi. Kisichoyafahamu huyaona kuwa maandishi yasiyo na kazi, kikayapita, na kikaiendesha programu kama JavaScript nyingine yoyote, polepole lakini kwa matokeo yaleyale.

Firefox 22 ilikuja na uwezo huo mwezi Juni 2013. Programu za majaribio mwanzoni zilichukua takriban mara mbili ya muda ambao msimbo wa mashine ungechukua, na kufikia mwisho wa mwaka huo Mozilla ilikuwa ikionyesha vipimo vinavyokaribia mara moja na nusu. Hiyo si kasi ya Native Client. Lakini Mozilla na Epic Games walieleza kwamba injini ya michezo ya Unreal Engine 3 ilihamishiwa kwenye wavuti kwa siku 4, na onyesho lake, Epic Citadel, lilikuwa ukurasa wa kawaida usiohitaji programu-jalizi wala duka la mtu. Mwezi Januari 2015 Internet Archive iliweka hadharani michezo zaidi ya 2,000 ya enzi za MS-DOS, yote ikichezeka ndani ya kivinjari kwa sababu kiigizaji kiitwacho DOSBox kilikuwa kimepitishwa ndani ya Emscripten. Hakuna kampuni ya kivinjari iliyoombwa ruhusa.

Shinikizo la asm.js lilikuwa hapo hasa. Native Client ilimwambia mtengenezaji wa kivinjari kingine kwamba akubali kwanza ndipo programu zije, asm.js ilizileta programu kwanza, na asiyeshughulika akabaki na kivinjari kinachoonekana kizito mbele ya watumiaji wake mwenyewe. Google haikuipenda, ila V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome, iliendelea kuboreshwa kwa ajili ya misimbo ya namna hiyo, na mwaka 2015 Microsoft nayo iliiingiza katika Edge.

Lakini ni bidhaa yenye sura mbaya, na siyo sura tu. Msimbo unasafiri ukiwa maandishi, makubwa, yaliyojaa alama za |0, na kabla ya chochote kivinjari kinapaswa kuyasoma yote herufi kwa herufi. Kwenye kompyuta yenye nguvu unasubiri. Kwenye simu ya bei nafuu unasubiri zaidi, simu inapata moto, na wakati mwingine kichupo kinajifunga chenyewe kwa kukosa kumbukumbu. Namba kamili za biti 64, ambazo C++ huzitumia kila siku, hazikuwepo katika JavaScript ya wakati huo, kwa hiyo kila moja iliigizwa kwa namba mbili za biti 32. Asm.js ilikuwa imethibitisha kwamba jambo linawezekana, na papo hapo ikaonyesha kwamba JavaScript imebebeshwa mzigo usio wake.

WebAssembly ilitangazwa tarehe 17 Juni 2015, na habari kubwa siku hiyo ilikuwa majina ya waliosimama pamoja: wahandisi wa Mozilla, Google, Microsoft na wa WebKit, injini ya Safari ya Apple. Toleo la kwanza lilikubaliwa Februari 2017, likaingia katika Firefox 52 na Chrome 57 mwezi Machi, na kabla mwaka haujaisha Safari na Edge zilikuwa nalo. Mwezi Mei mwaka huohuo Google ilitangaza kwamba PNaCl inaondolewa na kwamba waliokuwa wakiitumia wahamie WebAssembly. Tarehe 5 Desemba 2019 W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, liliithibitisha kuwa kiwango rasmi, lugha ya nne ya wavuti baada ya HTML, CSS na JavaScript.

Kiundani ni mtoto aliyerithi pande zote mbili. Faili lake linaanza na baiti 4: sifuri, kisha herufi a, s na m. Upande wa mama, asm.js, unaonekana katika kumbukumbu, ambayo bado ni safu moja ndefu ya baiti, na katika uhusiano wake na ukurasa, unaopitia milango ileile ya JavaScript bila Pepper yoyote. Upande wa baba, Native Client, unaonekana katika ukaguzi. Kama Native Client, programu nzima hukaguliwa kabla ya kuendeshwa, ila safari hii lugha imebuniwa kwa ajili ya kukaguliwa. Miruko inaruhusiwa kwenda mwishoni au mwanzoni mwa vizuizi vya msimbo vilivyopangwa tu, hakuna namna ya kuangukia katikati ya amri, na anwani za kurudia baada ya kuita kazi nyingine haziwekwi mahali ambapo programu inaweza kuzigusa. Kile ambacho mafungu ya baiti 32 yalikipata kwa jasho, hapa kinatokana na umbo la lugha yenyewe, na mkaguzi anapita mara moja tu.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo limenivutia kuliko mengine. Programu ya WebAssembly hupewa kumbukumbu kwa kurasa za KiB 64, na kwa kuwa anwani zake za kawaida ni za biti 32, haiwezi kutaja mahali palipo nje ya GiB 4. Kwenye mashine za biti 64, injini hutenga eneo kubwa la anwani kwa ajili ya programu hiyo, zaidi ya upeo wake wote, bila kulijaza kumbukumbu halisi. Programu ikitaja mahali ambapo haijapewa, prosesa yenyewe inagoma na injini inaisimamisha. Hakuna amri ya kuhakiki mpaka kila kumbukumbu inaposomwa. Mlinzi yupo, lakini halipwi mshahara.

Kuhusu kuanza, tofauti na asm.js ni ya wazi. Figma, programu ya usanifu iliyokuwa imejengwa kwa C++ na kupitishwa kwenye Emscripten, ilieleza mwaka 2017 kwamba kuhamia WebAssembly kulipunguza muda wa kufunguka hadi theluthi moja. Mwezi Januari 2018 Firefox 58 ilianza kuutafsiri msimbo wakati bado unashuka kutoka mtandaoni, kwa kompaila mbili: ya kwanza ya haraka inayotoa msimbo wa wastani ili kazi ianze, na ya pili inayofuata nyuma ikiuboresha. Chrome ilifanya hivyo mwaka huohuo kwa kompaila iitwayo Liftoff. Kwa mtu aliye kwenye mtandao wa kusuasua maana yake ni kwamba kinachobaki kumchelewesha ni mtandao.

Sasa kasoro, maana sifa za WebAssembly zimekuwa zikiimbwa bila kipimo. Msemo wa kwamba inakimbia sawa na programu iliyosakinishwa hauna ukweli kamili. Abhinav Jangda na wenzake walizipima programu za SPEC CPU, zinazotumika kupimia kasi ya prosesa, mwaka 2019 na kukuta kwamba kwa wastani zilikuwa nyuma ya msimbo wa mashine kwa asilimia 45 katika Firefox na asilimia 55 katika Chrome, na baadhi zilizidi mara mbili. Injini zimeendelea kuboreshwa tangu hapo, na amri za SIMD, zinazoshughulikia namba nyingi kwa pigo moja, ziliingia Chrome na Firefox mwaka 2021 na Safari mwaka 2023. Hata hivyo anayetaka ile asilimia 5 ya Native Client hataikuta hapa.

Usalama nao una pande mbili ambazo watangazaji hupenda kuzichanganya. Daniel Lehmann, Johannes Kinder na Michael Pradel walionyesha mwaka 2020 kwamba ndani ya kumbukumbu ya WebAssembly kinga nyingi zilizozoeleka kwenye programu za kawaida hazipo: hakuna sehemu ya kumbukumbu isiyoandikika, kwa hiyo hata data iliyokusudiwa kubaki ilivyo inaweza kufutwa na hitilafu ya C++. Uzio unamlinda mwenye nyumba dhidi ya mgeni, haulindi vyombo vya mgeni dhidi ya mikono ya mgeni mwenyewe. Na kuna wageni waliokuja kula tu. Utafiti wa mwaka 2019 wa Marius Musch na wenzake, uliopitia tovuti milioni 1 mashuhuri, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya zilizotumia WebAssembly ziliitumia kwa nia mbaya, nyingi zikichimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa wageni wao. Biashara hiyo ilipungua baada ya huduma ya Coinhive kufungwa Machi 2019, lakini funzo la kiufundi liko palepale: uzio unazuia wizi wa mafaili, hauzuii matumizi ya betri.

Nyuzi nyingi za kazi kwa wakati mmoja, jambo la kawaida kwa programu yoyote ya video au michezo, zilipata ajali. Udhaifu wa prosesa uitwao Spectre, unaoweza kuvujisha siri zilizomo katika kumbukumbu, ulipotangazwa Januari 2018, vivinjari vilizima kumbukumbu ya pamoja, na iliporudi ilirudi na masharti: seva itume vichwa maalumu vinavyoutenga ukurasa, na kila kinachopachikwa kutoka kwingine kiwe kimekubali. Kwa kampuni kubwa hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwa tovuti ndogo inayoishi kwa matangazo na video za kupachika, ni sababu ya kutosha ya kuachana na nyuzi.

Lugha zinazokusanya takataka zenyewe, yaani zinazosafisha kumbukumbu isiyotumika tena, kama Java, Kotlin na Dart, zilisubiri zaidi. Kwa miaka kadhaa zililazimika kubeba mkusanyaji wao ndani ya faili, hadi Chrome na Firefox zilipolipokea jukumu hilo mwishoni mwa 2023. Timu ya Google Sheets, iliyokuwa ikiigeuza injini yake ya hesabu kutoka Java kuwa JavaScript, ilieleza kwamba toleo lake la kwanza la WebAssembly lilikuwa polepole mara mbili kuliko JavaScript, na ni baada ya kazi ndefu ndipo likawa na kasi mara mbili zaidi. Simulizi hiyo inafaa isomwe na kila anayedhani kwamba kubadilisha lugha peke yake ni dawa.

Kwa matumizi ya huku kwetu, ambako wengi wanaingia mtandaoni kwa simu na bando linahesabiwa kwa megabaiti, mfano ninaoupenda ni Squoosh, chombo kidogo cha kupunguza ukubwa wa picha kilichotolewa na timu ya Chrome mwaka 2018. Ndani yake kuna kompresa za picha zilizoandikwa kwa C na C++ na lugha nyingine za namna hiyo, zikaletwa kwa WebAssembly. Nimekitumia kwenye simu ya kawaida ya Android kwa namna hii: nafungua ukurasa, nasubiri utulie, nazima data, kisha napunguza picha. Kinafanya kazi, kwa sababu picha haiendi kwenye seva yoyote, haitoki mfukoni. Tovuti nyingi za aina hiyo hukutaka upandishe picha nzima ndipo zikurudishie iliyopunguzwa, yaani unalipa mara mbili kwa faili moja, na hujui nakala imebaki kwa nani.

Lakini mtengenezaji anayeniuliza kama aiweke WebAssembly kwenye tovuti ya duka au ya fomu za maombi, jibu langu ni hapana. Bado haiwezi kugusa vilivyomo katika ukurasa bila kupitia JavaScript, kila neno linalovuka mpaka huo kwa kawaida hunakiliwa, na lugha anayoichagua huja na mizigo yake. Fomu ya sehemu tano haipaswi kumgharimu mteja megabaiti kadhaa kabla hajaandika jina lake. Mahali pake ni pale penye hesabu nyingi na mazungumzo machache na ukurasa: picha, sauti, video, ramani, usimbaji fiche, hifadhidata ndogo ndani ya kivinjari, na maktaba za C++ za zamani ambazo hakuna mwenye bajeti ya kuziandika upya.

Native Client siwezi kumshauri mtu yeyote aianze leo, ingawa mbinu yake ya mafungu ya baiti 32 bado inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa usalama wa kompyuta. Asm.js nayo haina sababu ya kuanzishiwa mradi mpya. Ila onyesho la asm.js lililoandikwa mwaka 2013, likiwa bado liko kwenye seva yake, linafunguka leo hata katika kivinjari ambacho hakijui maana ya "use asm", wakati programu ya Native Client ya mwaka huohuo, iliyolishinda kwa kasi, ni faili ambalo vivinjari vya kawaida havilifungui tena.